Pembe za Mzee Mbaruku

Shamba la kahawa, juu ya Sekei, Arusha
18 Februari 1912

Kwa kaka yangu Selemani, Pangani.

Shikamoo. Nina uzima wa kutembea tu, mwingine sina.

Nimeandikwa kazi kwa Mdachi mmoja mwenye kahawa. Kazi yenyewe ni kuchimba mashimo ya miche. Siku sita namchimbia Mdachi, ya saba nakuchimbia wewe. Mikono yangu ukiiona utadhani ni ya mtu mwingine.

Kaka, wewe unauzungumzia mlima huu wa Meru kama uwanja wa msikiti. Siku ya arobaini ya baba ulisimama mbele ya watu ukasema, "Urithi haugawiwi nusu. Baba alizika pembe za ndovu Meru zama za upagazi, alinieleza mahali akiwa kitandani, na mpaka zipatikane hakuna atakayekata hata mnazi mmoja." Kisha ukanitazama mimi kwa kuwa ndiye mdogo, nina nguvu na nimesoma. Basi nimekuja. Sasa nisikilize.

Maneno uliyonipa ni haya: *Anza kwenye jiwe lenye mdomo. Lipe jua kisogo. Fuata maji mpaka yanyamaze. Ukiona mti umepiga magoti, chimba penye goti.* Kweli, ulipoyasema siku ile yalinichoma moyo, kana kwamba nilizaliwa nayo. Ndiyo maana sikubisha. Lakini hapa kila jiwe lina mdomo! Mlima huu zamani ulitapika moto, mawe yake yote yameachama. Maji hayanyamazi, yanapiga kelele mwaka mzima. Na msitu mzima umepiga magoti.

Kuna Mwarusha anaitwa Lerionka, anachunga ng'ombe wa maziwa wa Bwana. Jumapili moja alinikuta nimo shimoni hadi kiunoni.

"Wewe mtu wa pwani, umepoteza nini?"

Nikamwambia natafuta mizizi ya dawa.

"Mizizi gani iko chini ya jiwe? Chini ya jiwe iko nyoka." Akakaa juu ya lile jiwe akanitazama nikichimba, anatafuna kijiti. Mwisho akasema, "Ninyi wote ni hivyo. Mkifika hapa mnatazama chini. Makaburu wa Oldonyo Sambu nao wanatafuta dhahabu ya kwao. Wenye maduka kule bomani wanatafuta pembe za Mwarabu. Sisi tumezaliwa hapa, tunatazama ng'ombe."

Nilikasirika, nikaendelea kuchimba huku najiuliza. Kama baba alikuwa na pembe, mbona alikufa juu ya kitanda kilichoegemezwa matofali? Mbona hakurudi kuzichukua?

Nijibu hilo. Na unijibu na hili: siku alipokueleza, kulikuwa na mtu mwingine chumbani?

Mdogo wako,
Shomari wa Mbaruku

---

Pangani
10 Machi 1912

Kwa mdogo wangu Shomari.

Marahaba. Barua yako nimeipata, na sikupenda ulivyoandika. Kama shule imekufundisha kuuliza wakubwa maswali ya askari, heri usingesoma.

Baba hakurudi kwa sababu njia ilikuwa na vita, kisha akazeeka. Chumbani tulikuwa mimi na yeye na Mungu. Inakutosha?

Wewe una haraka. Baba alikuwa akienda Meru kwa miguu, mzigo begani, miezi, na hakulalamika. Wewe umepanda gari la moshi mpaka Moshi kama bwana mkubwa, na bado unalia mikono. Panda juu zaidi. Naona unachimba karibu na shamba la Mdachi kwa uvivu wa kutembea.

Huku usiwe na wasiwasi. Shamba nalitunza mimi. Minazi ya upande wa mto ilikuwa mizee, nimeipunguza. Nyumba nimeiwekea bati upande wa mbele, makuti yalikuwa yanavuja. Dada yako Arafa hajambo, yuko kwa mumewe kule Mwera, anakuja kulalamika kama kawaida yake. Nimemwambia asubiri pembe kama sisi wote.

Usirudi mikono mitupu. Watu wote wa mtaa wanajua umekwenda kufanya nini.

Kaka yako,
Selemani wa Mbaruku

---

Shamba la kahawa, Arusha
14 Aprili 1912

Selemani,

Leo sikuamkii. Naandika nimelala kifudifudi, karatasi iko chini juu ya ubao, kwa sababu siwezi kukaa. Nimepigwa fimbo hamsa ishirini. Nitakueleza kwa nini, na usome yote.

Jumapili iliyopita ilikuwa Pasaka ya Wakristo. Jumamosi yake tuliamriwa kufyeka nyasi kuzunguka nyumba ya Bwana, mnyapara akatuambia asubuhi ya Pasaka tusisogee pale. Lakini mimi ni zamu yangu kupeleka kuni jikoni, na njia ya jikoni inapita pale. Nikamwona Bwana, yule yule anayetupigia kelele kama mbwa, amepiga magoti kwenye umande. Ana kikapu cha mayai yaliyochemshwa na maganda ya vitunguu mpaka yakawa mekundu. Anayaficha. Moja chini ya jani, jingine kwenye mzizi, jingine ndani ya ndoo iliyopinduliwa. Nikasimama na kuni zangu kichwani. Nilidhani amerukwa na akili.

Kisha watoto wake wakatoka mbio. Bwana akasimama mikono nyuma, hasemi yako wapi. Anawapigia kelele kwa Kidachi, na mimi Kidachi sijui, lakini sikuhitaji kukijua. Mtoto akienda mbali sauti inashuka. Akikaribia sauti inapanda.

Selemani, kuni zilinidondoka.

Uwanja wetu. Baba amekaa kizingitini. Kipande kimoja cha sukari guru kimefungwa jani la mgomba, kimefichwa, kwa kuwa kilikuwa kimoja na sisi pamoja na watoto wa jirani tulikuwa wengi, na kutafuta kulitupitishia mchana mzima bila kuomba chakula. Anasema, "Leo hapa ni Meru. Msafara umevamiwa, pembe nimezizika. Anza kwenye jiwe lenye mdomo." Jiwe la mama la kusagia, lile lililomeguka! "Lipe jua kisogo." Tunageuka. "Fuata maji mpaka yanyamaze." Maji ya kuoshea vyombo, yalikuwa yakipita kwenye kijifereji na kumezwa na mchanga nyuma ya jiko. Na pale pana mnazi ulioangushwa na upepo ukalala kisha ukainuka tena, umepiga magoti. Tukikaribia baba anapiga kelele, "Unaungua! Unaungua!"

Ndiyo maana maneno yale yalinichoma. Niliyaamini kwa sababu nilishayasikia. Nilikuwa mdogo mno kukumbuka wapi.

Sasa sikia la fimbo. Watoto walipata mayai yote isipokuwa moja, na mdogo wao wa kike akaanza kulia maana hakupata kitu. Mimi niliona lilipofichwa, chini ya bomba la maji ya mvua. Mtoto anapita, anarudi, anapita. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe, nikapiga kelele, "Unaungua!" Kiswahili anakijua kwa yaya wake. Akainama, akalipata, akacheka, akanipungia.

Bwana akaja. "Umejuaje liko pale?"

"Nimeona, Bwana."

"Umeona nini kingine? Umesimama hapa tangu saa ngapi, unaangalia nyumba yangu?"

Akasema mtu anayejua vitu vilipofichwa ni mwizi. Wakanilaza mbele ya wenzangu siku ya kazi. Lerionka ndiye aliyenipaka mafuta ya kondoo baadaye, akaniuliza, "Kwa yai?" Nikasema, "Kwa yai." Akatema mate.

Lakini si Bwana aliyenitia hasira ya kuandika. Yeye ni Mdachi, nilikuja nikijua. Hasira yangu ni hii. Wewe ulikuwa mkubwa. Wewe hukuwa ukitafuta nasi. *Wewe ndiye uliyekuwa mpagazi wa baba.* Ulibeba sukari guru kichwani ukaenda kuifukia, ukarudi umelamba vidole, ukakaa karibu naye ukitucheka. Ulijua tangu siku ya kwanza kuwa pembe hizo hazikuwahi kutoka nje ya ua.

Nijibu kama mwanamume. Ulijua?

Shomari

---

Pangani
5 Mei 1912

Shomari,

Nimeisoma barua yako mara moja, sitairudia. Fimbo zimekuingia kichwani. Unamfananisha baba yako na kafiri anayechezea mayai.

Ndiyo, baba alitufichia sukari guru. Nani amekataa? Lakini akili yako ndogo imeshindwa kuuliza: mchezo ule aliutoa wapi? Mtu anatengeneza mchezo wa kuzika pembe kama hakuwahi kuzika pembe? Alikuwa anatufundisha njia, ili siku moja mmoja wetu aijue. Mimi nilielewa kwa kuwa ni mkubwa, wewe ulikuwa unawaza tumbo.

Basi acha matusi, chimba. Na kama hutaki kuchimba, kaa huko huko. Ukikanyaga Pangani bila pembe, nitakuuliza mbele ya watu umezipeleka wapi.

Selemani wa Mbaruku

---

Mwera, Pangani
2 Juni 1912

Kwa mdogo wangu Shomari.

Maneno ni yangu, mkono ni wa binti wa mwalimu wa shule. Usinihukumu kwa mwandiko.

Shomari, mbona umenifanyia hivi?

Kaka amesema msikitini, baada ya sala ya Ijumaa, kuwa umezipata pembe. Amesema umeziuza kwa Wahindi wa Moshi na umeoa huko, ndiyo maana hurudi. Amesema kwa hiyo fungu lako umeshalichukua, tena umezidisha, na shamba lililobaki ni lake yeye kwa kuwa ndiye aliyedhulumiwa. Watu wameguna, lakini hakuna aliyembishia. Mume wangu amerudi nyumbani hasemi na mimi, kana kwamba ni mimi nimeiba.

Mimi sijali bati lake wala majivuno yake. Lakini wewe nilikubeba mgongoni. Kama kweli umezipata, niambie tu, fungu langu liko wapi? Sitakwambia lirudishe. Nataka kusikia kwa mdomo wako.

Shamba ukiliona utalia. Minazi ya upande wa mto imekwisha yote, amewapa watu wa mkonge wapitishe njia ya gari. Mwezi uliopita akaukata hata ule wa nyuma ya jiko, uliopinda, uliokuwa unatutilia kivuli tukiosha vyombo. Akang'oa na kisiki. Nikamuuliza, "Kaka, mnazi huu umekukosea nini? Haufai hata kwa boriti." Akaniambia nirudi kwa mume wangu.

Nijibu upesi.

Dada yako,
Arafa

---

Shamba la kahawa, Arusha
23 Juni 1912

Kwa dada Arafa.

Shikamoo dada. Barua yako nimeisoma mbele ya wenzangu kambini, na nilipofika pale ulipouliza fungu lako liko wapi niliikunja nikatoka nje. Nilitaka kuvunja kitu. Hakukuwa na kitu cha kuvunja isipokuwa jembe la Mdachi, na jembe likivunjika linarudi mgongoni.

Sijapata pembe. Sijaoa. Moshi niliipita siku moja tu nikija. Nilichokipata Meru kiko kwenye ngozi yangu, nawe utakiona.

Pembe hazipo, dada, wala hazikuwahi kuwepo. Maneno aliyoyasema kaka siku ya arobaini ni ya mchezo wa baba wa kutufichia sukari guru. Wewe hukuujua kwa sababu ulikuwa jikoni unatwanga na mama, sisi wavulana tunazunguka ua. Jiwe ni la kusagia, maji ni ya vyombo, na mti wenye magoti ni mnazi ule uliopinda. Nilimwandikia kaka hayo mwezi wa Aprili. Mwezi wa Mei akaukata, akang'oa na kisiki. Unaona sasa umemkosea nini? Ulikuwa shahidi.

Nilipoisoma habari ya kile kisiki ndipo nilipojua kwa hakika. Mpaka siku ile, pamoja na hasira zangu zote, nilikuwa nimemwachia upenyo. Aliniandikia kuwa labda mchezo ulitokana na kweli, nami nilijikuta Jumapili iliyofuata nimebeba jembe tena. Mgongo haujapona! Lerionka akanizuia njiani. "Unakwenda wapi?" Nikasema, "Mara ya mwisho." Akaninyang'anya jembe akalitupa kwenye mkokoteni wa samadi. "Kaka yako huyo," akasema, "kwetu mkubwa akimdanganya mdogo juu ya ng'ombe wa baba yao, anaitwa mbele ya rika lake. Kwenu hamna rika?"

Tunaye kadhi. Ndiyo maana naandika. Fanya hivi, dada.

Kaka alisema urithi haugawiwi mpaka pembe zipatikane. Watu wote walisikia. Sasa amesema msikitini, kwa mdomo wake, kuwa pembe zimepatikana. Basi muda wa kungoja umekwisha! Nenda kwa kadhi, wewe mwenyewe, usimtume mumeo. Sema, "Kaka yangu ametangaza urithi umekamilika, mimi ni mrithi, nataka ugawiwe." Shamba, nyumba, na hayo aliyoyapata kwa watu wa mkonge. Akisema Shomari ameshachukua lake, sema Shomari anaapa kwa msahafu, mbele ya yeyote, kuwa hajaona hata jino la tembo. Mwalimu wa msikiti wa Arusha amenishuhudia nikiapa jana, na karatasi yake naiambatanisha hapa. Kisha kadhi amwambie na yeye aape. Aape maneno haya tu: kwamba aliponituma Meru aliamini pembe zipo.

Hataapa. Ni mwongo, lakini msahafu anauogopa. Nimelala naye chumba kimoja utoto wangu wote, namjua anachokiogopa.

Mdogo wako,
Shomari

---

Mwera, Pangani
21 Julai 1912

Kwa mdogo wangu Shomari.

Nisamehe kwa barua ile. Niliyoyauliza yananiuma.

Nimekwenda. Mume wangu alinikataza, nikaenda. Kadhi alinisikiliza, akaita wazee, akamwita kaka. Alikuja na kanzu mpya, anacheka, anasalimia watu kama bwana harusi. Kadhi akamuuliza, "Umesema pembe zimepatikana?" Akasema ndiyo. "Basi urithi umekamilika." Kaka akaacha kucheka. Nadhani ndipo alipoona alipoingia.

Karatasi yako ikasomwa. Kadhi akamwekea msahafu, akamwambia maneno ya kuapa. Kaka akanyoosha mkono. Akaurudisha. Akasema mkono haujatawadha. Wakamletea maji, akatawadha, polepole, kana kwamba anaosha maiti. Akanyoosha tena. Kisha akasema, "Mimi ni mkubwa, siapishwi kwa ajili ya watoto." Mzee Kombo, aliyekuwa mpagazi pamoja na baba, akaangua kicheko. Akasema, "Pembe gani? Mbaruku alibeba shanga na nyaya. Pembe walibebeshwa wenye mabega." Watu wote wakacheka, na mimi nililia kwa hasira, kwa sababu mzee huyo alikuwapo siku ya arobaini. Nikamwambia, "Mbona hukusema siku ile?" Akasema hakuulizwa.

Kadhi amegawa. Wewe umepata nyumba upande wa nyuma na ua, na minazi iliyobaki ya bara. Mimi nimepata langu kama sheria isemavyo. Kaka amehesabiwa minazi aliyoikata kuwa ndiyo fungu lake, amebaki na upande wa bati.

Wana wa kaka walikuwa dirishani wanasikiliza. Mdogo wao amenifuata njiani akaniuliza, "Shangazi, ami Shomari atakuja na pembe?"

Njoo nyumbani.

Arafa

---

Shamba la kahawa, Arusha
11 Agosti 1912

Selemani,

Kipande changu cha kazi kimejaa, Bwana amekitia sahihi. Kesho kutwa nateremka Moshi.

Barua yako umeituma, nimeipokea, sitaijibu yote. Unaniita mdogo wako mpenzi. Unasema shetani alikupitia. Unaniomba nisiyaseme kwa watu, kwa heshima ya baba. Heshima ya baba uliikata ukaing'oa na kisiki. Mtu yule hakuwa na kitu, akatutengenezea mchana mzima wa furaha kutokana na kipande cha sukari guru. Wewe ukauchukua mchana huo ukamfungia nao ndugu yako shimoni. Lile la minazi kadhi ameshalimaliza. Hili hakuna kadhi wa kulimaliza.

Sikuletei kitu. Usije kunipokea, wala usichinje kuku. Tutaishi nyumba moja, wewe mbele mimi nyuma, na nitakuamkia kwa kuwa ni mkubwa, basi.

Arafa ameniandikia kuwa wanao wanauliza kama naja na pembe. Hao hawana kosa. Najua watanikimbilia njiani, wataupekua mzigo wangu. Sitawadanganya, wala sitawaeleza. Nitawaambia, "Kamuulizeni baba yenu ziko wapi." Kisha nitakaa kwenye kizingiti cha nyuma, nisikilize unavyowajibu.

Shomari wa Mbaruku